Somo Lililofunguliwa Mara Arobaini na Moja

Kuna nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa bila kupewa taarifa kwa maandishi. Msianze kukonyezana hapo nyuma. Si hiyo mnayoifikiria. Hiyo mnayoifikiria ina viongozi makini, na mambo haya hayawezi kutokea huko hata siku moja.

Mkuu wa nchi hiyo, ambaye sheria inataka aitwe Mtukufu hata na mkewe, alialikwa kwenye mkutano ng'ambo. Wakati wa chakula akawekwa katikati ya mabwana wawili wanaozungumza Kihispania. Mmoja akawa anaeleza jambo, na Mtukufu, asiyeelewa hata chembe, akaona ni adabu kucheka. Akacheka, tena kwa nguvu, akapiga na meza. Kumbe yule bwana alikuwa anasimulia msiba wa mama yake mzazi.

Sasa wewe au mimi tungeomba radhi, tukanywa maji, tukanyamaza. Lakini katika nchi ile mkubwa akiaibika hutoa waraka. Hata koti hajavua, Mtukufu aliagiza kwamba ndani ya mwaka mmoja kila mtumishi wa serikali, kuanzia ngazi ya karani kwenda juu, awe anazungumza Kihispania. Wafagizi, wapishi na madereva hawakuhusishwa, kwa kuwa ilionekana hao hawana la kuzungumza na mtu.

*

Wilayani Kilindimo waraka ulimkuta Laurenti Mkwizu, Afisa Itifaki Msaidizi, kijana wa miaka thelathini na minane. (Huko mtu ni kijana mpaka astaafu.) Kazi yake ilikuwa kujua nani akae kiti gani, nani atajwe kabla ya nani, na soda ya nani ifunguliwe kwanza. Sauti alijaliwa. Nzito, yenye kuvuta, akikusomea hata orodha ya viti vya kukodi unajisikia umeombewa dua.

Aliishi na mama yake, Bi Edita, mjane mcheshi aliyekuwa haoni vizuri kwa mwaka wa nne sasa. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika kabisa jicho la kulia, na la kushoto lilibaki kuona vivuli tu. Mwanawe alimjua kwa sauti na kwa kishindo cha viatu.

"Lauri baba," alimwambia asubuhi ya somo la kwanza, "ukasome kweli. Usiende kula maandazi ya serikali ukarudi na kiungulia."

"Nitasoma, mama."

Na alikwenda na nia safi kabisa, hilo lazima nimtetee. Alikuwa na daftari jipya lenye jalada la nailoni, na kalamu mbili, moja ya akiba.

Mwalimu aliitwa Bonaventura Kitosi. Huyu Kihispania alikijua mpaka cha kugombana nacho sokoni, maana alikaa miaka sita ng'ambo akisomea kilimo cha miwa. Saa tatu kamili alikuwa ukumbini, chaki mkononi, ubao umefutwa unang'aa. Tatizo likawa kifungu cha nne cha waraka: hakuna somo litakaloanza kabla ya kufunguliwa rasmi na mgeni rasmi.

Saa nne mgeni rasmi hayupo. Saa tano yuko njiani. Saa sita na nusu akafika, ikapigwa ngoma, ikasomwa risala, mgeni rasmi akaijibu risala. Kila aliyesimama alianza kwa kuwataja waliopo mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Bwana mmoja wa idara ya maji akajaribu kukatisha kwa kusema itifaki imezingatiwa, akaombwa kwa upole arudie kuwataja wote, maana watu walikuwa wamefuata hilo hasa. Kisha picha ya pamoja, maandazi, na neno la shukrani. Saa tisa na robo somo likafungwa rasmi.

Wiki iliyofuata wakauliza wizarani kama wanaweza kuendelea walipoishia. Wizara ikashangaa sana. Somo lililofungwa litaendeleaje? Sharti lifunguliwe upya. Likafunguliwa upya. Jumatano hadi Jumatano, kiangazi kikaisha masika yakaingia, somo lile likafunguliwa mara arobaini na moja na kufungwa mara arobaini na moja, na katikati hapakupita hata neno.

Nasema uongo, lilipita. Mwalimu Kitosi aliruhusiwa dakika kumi kuwafundisha namna ya kumkaribisha mgeni rasmi kwa Kihispania, ili mgeni afurahi: *Excelentísimo señor, invitado de honor, sea usted muy bienvenido.* Yaani, mheshimiwa sana bwana mgeni rasmi, karibu sana. Wiki ya kumi na saba mgeni alichelewa kupita kiasi, mwalimu akashindwa kujizuia, akaanza kuwafundisha kusema "jina langu ni fulani". Watu wanne walikuwa wameshaweza alipopewa barua ya onyo kwa kosa la kuanza kazi kabla ya ufunguzi. Toka siku hiyo akawa anakaa kiti cha pembeni, chaki imo mfukoni mwa shati, anaangalia ngoma.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa taifa. Ulikuwa na swali moja: Mkaribishe mgeni rasmi. Laurenti, kwa sauti ile, alipata mia kwa mia, akapewa Cheti cha Umahiri, Daraja la Kwanza, chenye mihuri mitatu.

Bi Edita alikipapasa kile cheti akaisikia mihuri kwa vidole. Akatangaza mtaa mzima. Majirani wakaja, "Hebu tusemee kidogo, Mkwizu." Laurenti akasema maneno yake, wakapiga makofi, mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Na Laurenti kila akipigiwa makofi aliomba moyoni asitakiwe neno la pili. Alijua bwana, nani ajuaye zaidi yake? Lakini alijiambia kuwa nchi nzima iko hivyo hivyo, na kwamba hakuna Mhispania atakayepotea njia akafika Kilindimo.

*

Wakafika kumi na wawili.

Walikuwa madaktari wa macho, wamekuja kutibu watu bure katika hospitali ya wilaya, na hakuna hata mmoja aliyejua lugha nyingine zaidi ya Kihispania. Walikuwa wamepanga kuja na wakalimani wao. Serikali ikakataa, ikaona ni dharau. Ikajibu kwa barua kwamba nchi hii ina wataalamu wa Kihispania elfu tisa wenye vyeti, na kwamba kwa mujibu wa kanuni hakuna asiye na cheti atakayeruhusiwa kutafsiri.

Madaktari wakafunga mitambo yao siku mbili tu, wakawa tayari. Nje wagonjwa walikuwa wamejaa, wamekuja na mikeka. Lakini kambi ya matibabu nayo ni shughuli, na shughuli lazima ifunguliwe, na mgeni rasmi alikuwa na ratiba. Wakangoja siku ishirini na tatu.

Katika siku hizo ishirini na tatu madaktari walikaa barazani wakinywa chai, na aliyewapelekea chai ni Sikudhani, mfagizi wa wodi, mama wa watoto watatu, mdomo haumtulii. Akiweka kikombe anauliza, hiki mnakiitaje? Akipiga deki anauliza, na hili tambara? Akiwaona wamenuna anauliza kilichowauma, na wao, wapweke, hawana wa kuzungumza naye, wakamweleza habari za watoto wao, za mifupa yao, za chakula walichokikumbuka. Wakati wanasubiri ufunguzi, Sikudhani alikuwa ameshagombana nao mara mbili na kupatana, vyote kwa Kihispania. Hakuna aliyemfungulia rasmi, labda ndiyo maana.

*

Siku ya ufunguzi ikafika. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Damasi Lukumbo, mtu mnene mwenye kupenda kamera kuliko kamera zinavyompenda, alikuwa mgeni rasmi mwenyewe. Aliamua mgonjwa wa kwanza awe Bi Edita, mama wa Daraja la Kwanza, ili taifa lione mwana akimtafsiria mama yake. Ukumbi wa hospitali ukajaa, redio ipo, televisheni ipo.

Laurenti hakulala vizuri, lakini asubuhi alipiga viatu rangi. Alijipa moyo kwamba yatakuwa mambo ya karibu na ahsante.

Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye miwani, anaitwa Inés. Akainama kwa Bi Edita aliyelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akamshika mkono, kisha akamgeukia Laurenti akauliza swali. Lilikuwa swali refu. Alionyesha jicho, akaonyesha mkono kana kwamba anachoma sindano, akainua nyusi kungoja jibu. Laurenti alisikia maneno yakimpita yote, hakushika hata moja.

"Anasemaje?" Bi Edita akauliza.

"Anakusalimia, mama."

"Salamu ndefu hivyo? Mwambie nimeipokea, marahaba. Halafu Lauri, sikiliza, usije ukasahau. Mwambie habari ya ile sindano ya ganzi. Siku ile waliponing'oa jino, waliponichoma tu koo likajifunga, pumzi ikakata, wakaniwahi nimeshakuwa wa kijivu. Tabibu alisema nisichomwe tena ile dawa maisha yangu yote, nikichomwa nakufa. Umesikia? Mwambie sasa hivi."

"Nimesikia."

Laurenti akamtazama Mheshimiwa Lukumbo. Mheshimiwa alikuwa anatabasamu, kidevu kimeinuliwa kidogo kwa ajili ya kamera. Mwandishi wa redio akasogeza kinasa sauti. Laurenti akafungua mdomo, na kilichotoka ndicho kilichokuwemo.

"*Excelentísimo señor,*" akasema kwa sauti ile nzito, "*invitado de honor, sea usted muy bienvenido.*"

Akaweka na mkono kooni, akajikaba kidogo, labda dada wa watu ataelewa.

Daktari Inés alishangaa kuitwa bwana mgeni rasmi. Lakini alimwona mtu mzima ameshika koo, macho yamelowa, akadhani ni uchungu wa mtoto kwa mama yake. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "*Gracias.*" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Umemwambia?" mama akauliza.

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema sawa."

Bi Edita akashusha pumzi, akajilaza vizuri. "Ahsante baba," akasema. "Ningekuwa na mtoto asiyesoma leo ningekufa."

Wakamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji. Laurenti akafuata nyuma mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye ule mlango. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache, tena ya Kiswahili: mheshimiwa, sijui Kihispania. Basi. Hata mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini nyuma ya maneno hayo aliona vyeti elfu tisa, aliona mihuri, aliona wageni rasmi arobaini na mmoja wakigeuka kumtazama. Akaanza kujidanganya. Labda dawa za siku hizi ni nyingine. Labda ng'ambo wanapima kwanza. Madaktari wakubwa wale, watashindwaje kujua?

"Mkwizu!" Mheshimiwa Lukumbo akaita. "Picha ya pamoja! Njoo utupange!"

Na Laurenti akaenda. Sijui niwaambie nini jamani, akaenda. Akawapanga kwa vyeo, wanene nyuma, wafupi mbele, akamhamisha bwana wa maji aliyekaa kiti cha bwana wa elimu, akasimama pembeni na tabasamu lake. Ikapigwa ya kwanza. Ikapigwa ya pili. Mpiga picha alipoinua kidole kwa ya tatu, Laurenti akamwona mama yake wa kijivu, akaruka viti akakimbia.

Alifika kwenye kioo cha mlango akihema. Ndani, Sikudhani alikuwa amesimama katikati ya chumba, ndoo miguuni, fimbo ya deki mkono mmoja, mkono mwingine kooni, anazungumza na Daktari Inés haraka haraka, anaonyesha jino, anaonyesha sindano, anatikisa kichwa. Daktari alikuwa ameshika bomba la sindano lililojaa. Akalitazama. Akalirudisha kwenye sinia taratibu, akalisukuma sinia mbali.

Ilikuwa hivi. Bi Edita aliposikia vyuma vinalia alimuuliza mtu wa karibu kama hiyo ndiyo ganzi, na kama daktari amekumbuka alichoambiwa. Mtu wa karibu alikuwa Sikudhani, aliyekuja kupiga deki.

"Kwani hajamwambia?" Laurenti alimsikia mama yake akiuliza ndani.

"Amemkaribisha, mama," Sikudhani akajibu baada ya kumuuliza daktari. "Amemkaribisha vizuri sana."

Hakusema kwa kebehi. Laurenti alitamani angesema kwa kebehi, angalau angepata mtu wa kumchukia. Akasimama pale mlangoni, uso unamuwaka mpaka masikioni, na hakuingia. Daktari akachagua chupa nyingine, akapima kwanza tone moja mkononi kwa Bi Edita, akangoja, kazi ikaendelea.

*

Jioni ile redio ikatangaza kwamba mawasiliano kati ya wataalamu wetu na wageni yalikwenda kwa ufasaha mkubwa. Sauti ya Laurenti ikarushwa, mara mbili.

Lakini Mheshimiwa Lukumbo hakuwa mjinga, nisimwonee. Habari za mfagizi zilimfikia. Asubuhi akamwita Laurenti ofisini, akamkalisha, akamwagizia chai.

"Kuna mtumishi wa ngazi ya chini," akasema, "amezungumza Kihispania bila cheti, ndani ya chumba cha serikali, wakati wa saa za kazi. Hii ni hatari. Leo Kihispania, kesho atazungumza kitu gani? Mwandikie barua ya onyo, umpelekee mwenyewe. Wewe ndiye mwenye taaluma."

Laurenti akakitazama kikombe.

"Au una la kusema, Mkwizu?"

Lilikuwepo. Lilikuwa limefika hapa, kwenye ulimi. Alifikiria mama yake aliyelala kule na kitambaa jichoni, anapumua. Anapumua kwa hisani ya nani?

"Sina, Mheshimiwa."

Akaiandika. Mwandiko wake mzuri. *Yahusu: Kuzungumza Lugha ya Kigeni Bila Idhini.* Akaikunja mara tatu.

*

Alimkuta Sikudhani wodini anamalizia deki. Akampa ile barua bila kumtazama. Sikudhani akafuta mikono kwenye aproni, akaifungua, akaisoma yote hadi kwenye saini, akaona ni ya nani.

"Haya, nimeipata, bwana afisa," akasema, akaisunda mfukoni. "Pita, mama anakusubiri. Wanamfungua sasa hivi. Amekataa kufunguliwa mpaka ufike."

Bi Edita alikuwa ameketi kitandani, khanga mabegani, jicho la kulia limefungwa. Daktari Inés akabandua kitambaa polepole. Mama akapepesa. Akatazama dirisha, akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza. "He! Nimezeeka," akasema. Akamwona daktari akamcheka miwani yake. Akamwona Sikudhani aliyesimama na ndoo, akamkodolea.

"Kumbe ndiye wewe. Una mwanya mzuri, hukuniambia."

Sikudhani akaziba mdomo kwa kiganja akicheka, akamtafsiria daktari, na daktari naye akacheka. Wote watatu walikuwa wanacheka kwa jambo moja.

Ndipo Bi Edita akageuka upande alikosikia viatu vya mwanawe.

"Lauri."

"Naam, mama."

"Jana yule dada alisemaje? Uliponiambia kasema sawa."

Wodi ilikuwa na watu, wengine wamefungwa macho, lakini masikio hawakufungwa. Laurenti akatazama sakafu.

"Sijui, mama."

"Hujui alichosema, au hujui Kihispania?"

"Vyote." Sauti ile nzito ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Sijui hata neno, mama. Ungekufa. Nami nilikuwa napiga picha."

Alingoja atukanwe. Angeshukuru kutukanwa. Alingoja mama alie, aombe watu wamtoe nje, afanye chochote. Bi Edita akaishusha miguu pembeni mwa kitanda.

"Miaka minne sijauona uso wako," akasema. "Inua nikuone."

Laurenti alitaka kuinua. Shingo ilikataa. Aliona vidole vya miguu ya mama yake vikining'inia kitandani, aliona ndoo ya Sikudhani, aliona ncha ya barua ikichungulia kwenye mfuko wa aproni.

"Haya," akasema Bi Edita, "nitakungoja." Akaisogeza khanga mabegani, akakaa vizuri, akamkazia lile jicho lake moja linaloona.